Zawadi ya Alan Squier

Karibu filamu yote ya The Petrified Forest (1936), aliyoiongoza Archie Mayo kutokana na tamthilia ya Robert Sherwood, hutukia katika mgahawa wa kituo cha mafuta jangwani Arizona, Marekani. Alan Squier, mwandishi asiye na kitu, anampenda Gabrielle, binti wa mgahawani anayechora picha na kutamani kwenda Ufaransa kwa mama yake. Jambazi Duke Mantee anapowateka wote, Squier anamwandikia binti huyo bima yake ya maisha ya dola 5,000, kisha anamwomba Mantee ampige risasi kabla ya kuondoka.

Wengi wetu hapo hukumbuka neno la Bwana juu ya mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Nasi tuliguswa, maana Leslie Howard anakufa vizuri mno. Lakini Squier alikwisha kuudharau uhai wake kabla hajamjua Gabrielle. Bwana wetu pale Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke. Hakutoa kitu alichokichoka. Tena Squier anamtwika mwenzake dhambi ya kuua, kana kwamba mwuaji hana tena roho ya kupotea. Humphrey Bogart anamwigiza Mantee kwa uchovu mzito hata tukamhurumia yeye zaidi.

Na yupo babu yake Gabrielle. Ameketi chumba kile kile akisimulia habari za majambazi wa zamani, naye ana akiba ya kutosha kumlipia mjukuu wake nauli. Hatoi.