Mkono Mwepesi

Kiangazi kikikolea, Ziwa Amboseli hukauka na tembo hupita juu ya sakafu yake tupu. Nyuma yao hutimka vumbi jepesi, na jua la jioni likilipenya, picha hupata uzuri usioweza kutengenezwa studio. Wapiga picha husafiri kutoka mbali kulifuata vumbi hilo. Lakini anayebadilisha lenzi ndani ya gari lililofunuliwa paa huondoka na sehemu yake ndani ya kamera. Usiku, kambini, akizikuza picha zake kwenye kompyuta, anakuta madoa ya kijivu yametapakaa angani, na katika kila picha yapo palepale.

Enzi za filamu, tatizo hili halikuwa na uzito wa namna hii. Kila picha ilipata kipande chake kipya cha filamu, na chembe iliyotua juu yake iliweza kuondoka nacho. Kamera ya dijitali ina kihisi kimoja tu, nacho ndicho kinachopokea picha ya kwanza na ya laki moja. Chembe ikitua juu yake, hukaa hapo mpaka mtu aje kuitoa.

Mtu huyo ni fundi, na kazi yake inastahili sifa nyingi kuliko inazopata. Eneo analolishughulikia halifiki hata ukubwa wa kisanduku cha kiberiti: kihisi cha fremu kamili kina milimita 36 kwa 24. Kikiwa na pikseli milioni 24, kila pikseli ina upana wa mikroni 6 hivi. Unywele wa binadamu wenye unene wa mikroni 70 ukidondoka hapo, unazifunika pikseli zaidi ya kumi kwa upana wake.

Kihisi chenyewe fundi hakigusi. Mbele yake kuna tabaka za vioo vyembamba vya kuchuja mwanga, na vumbi hutua juu ya kioo cha nje. Kwa hiyo doa linaloonekana kwenye picha ni kivuli cha chembe. Tundu la lenzi likiwa wazi, tuseme f/2.8, mwanga huingia kutoka pembe nyingi na kivuli hutawanyika hadi kupotea. Likibanwa kufikia f/22, kivuli hukolea na kingo zake huonekana. Ndiyo sababu mpiga picha za harusi anaweza kufanya kazi miezi mingi bila kugundua lolote, huku mwenzake wa mandhari akilalamika kila akirudi safari.

Fundi mzuri hutanguliza macho. Anabana lenzi hadi f/22, anapiga picha ya karatasi nyeupe bila kuifokasi, kisha anaikagua pembe kwa pembe. Lenzi huipindua taswira, kwa hiyo doa la juu kwenye picha analitafuta chini ya kihisi. La kushoto, kwa anayeitazama kamera kwa mbele, linabaki kushoto.

Baada ya hapo anaanza na njia iliyo laini kuliko zote. Kamera nyingi sasa hujitikisa zenyewe: Olympus E-1 ya mwaka 2003 ilitangulia kwa kichujio kinachotetemeka kwa kasi kubwa mno, na Canon ikafuata mwaka 2006 na EOS 400D. Chembe isipodondoka, anashika pampu ya mpira, anageuza mdomo wa kamera chini, na kupuliza ili vumbi lianguke nje. Kwa mdomo hapulizi kamwe, maana mate huacha madoa mabaya kuliko vumbi. Makopo ya hewa iliyoshindiliwa nayo hayataki, kwa sababu yanaweza kutema kimiminika juu ya kioo.

Chembe zilizogandamana ndizo zinazopima mkono. Fundi anahakikisha betri imejaa, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi, pazia la kamera linaweza kujifunga juu ya kijiti cha kusafishia. Anachukua kijiti bapa chenye kitambaa laini, upana wake sawa na kimo cha kihisi, anadondoshea matone mawili ya methanoli na kungoja yaenee. Kisha anateleza mara moja, kutoka ukingo hadi ukingo, kwa uzito mdogo usiobadilika. Anageuza upande wa pili wa kitambaa, anarudi, na kijiti kinatupwa. Kukitumia tena ni kuiburuza chembe ngumu juu ya kioo.

Si uchafu wote unaotoka mbugani. Wamiliki wengi wa Nikon D600, iliyotoka mwaka 2012, waliona madoa yakiongezeka kwenye picha zao, na mwaka 2014 kampuni ikatangaza kukagua, kusafisha na kubadilisha pazia la kamera hizo bila malipo.

Wapo wasemao kompyuta hufuta doa kwa sekunde chache. Ni kweli kwa picha moja ya anga tupu. Kwenye video ya tembo wanaotembea, doa linakaa palepale huku kila kitu kikipita nyuma yake, na kulifuta ni kazi kubwa. Hata kanuni kali za shirika la habari la Associated Press, zinazokataza kuongeza au kuondoa vitu kwenye picha, zinaruhusu kuondoa madoa ya vumbi la kihisi. Vumbi si sehemu ya tukio. Anayesafisha kamera anamrudishia msomaji tukio jinsi lilivyokuwa.

Kazi ikiisha, fundi anapiga tena picha ya karatasi nyeupe kwa f/22. Pengine imebaki chembe moja pembeni, hafifu, isiyoonekana tundu likifunguliwa hadi f/8. Mwanafunzi angechukua kijiti kipya. Fundi mzoefu anakumbuka kwamba kila mguso ni nafasi nyingine ya kuchubua kioo. Anarudisha kifuniko na kumwonyesha mwenye kamera chembe hiyo ilipo.