Chuo Kizuri cha Historia ya Kale Hujulikana kwa Vyanzo Vyake

Swali la kwanza la mzazi huwa ni hili: chuo kimeshika nafasi ya ngapi? Ni swali la haki, maana vyuo vingi vya Uingereza humtoza mwanafunzi wa kigeni zaidi ya pauni 20,000 kwa mwaka. Ila kwa shahada ya historia ya kale jibu lake halikufikishi mbali. Majedwali ya viwango ya Uingereza, kama lile la gazeti la Guardian, huitia historia ya kale kwenye fungu moja na masomo ya lugha na fasihi ya Kigiriki na Kilatini. Idara inaweza kuwa juu kabisa kwa sababu ya mabingwa wake wa Homer na Virgil, huku wanahistoria wake wakihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nayo tathmini ya kitaifa ya mwaka 2021, REF, ilipima utafiti. Haikuingia darasani kuona mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa vipi.

Mnunuzi mzoefu wa samaki hababaishwi na magamba yanayong'aa, hufunua mashavu. Katika historia ya kale, cha kufunua ni vyanzo: maandishi, sarafu, vigae na mawe yaliyochongwa. Uliza mwanafunzi hukutanishwa navyo mapema kiasi gani, na huachwa navyo muda gani.

Kipimo kizuri tunacho hapahapa pwani. Periplus ya Bahari ya Eritrea ni kitabu kidogo cha Kigiriki cha karne ya 1 BK. Mwandishi wake hatajwi jina, lakini anaonekana kuwa mfanyabiashara aliyetokea Misri, wakati huo ikiwa chini ya Warumi. Anashuka na pwani ya Azania, yaani hii yetu ya Afrika Mashariki, mpaka Rhapta, soko la mwisho analolijua, penye pembe za ndovu na magamba ya kasa. Anasema watu wa Muza, kule Yemeni, ndio wenye mamlaka huko, na manahodha wao Waarabu wameoa huko na wanaijua lugha. Anaorodhesha mikuki, mashoka na vitu vya kioo vilivyopelekwa kuuzwa, kisha anadokeza kwamba divai na ngano navyo hupelekwa sehemu fulani, si kwa faida bali kwa kujipatia urafiki wa wenyeji.

Idara hafifu itakitaja kitabu hiki kwa sentensi moja katika mhadhara wa biashara ya Warumi, kisha iendelee na safari yake. Idara nzuri itaiweka sura yenyewe mezani na kuwaacha wanafunzi waihangaikie saa nzima. Huyu bwana alifika Rhapta au aliyasikia Muza? Kwa nini mtu wa hesabu za bidhaa aone haja ya kutaja zawadi? Waliobeba zile pembe kutoka bara wako wapi katika maelezo yake? Halafu mwalimu atawaletea mwanajiografia Ptolemy wa karne ya 2, ambaye Rhapta kwake ni mji mkuu ulio kando ya mto, si soko tu. Baada yake ataleta kazi ya Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyechimba delta ya Rufiji na visiwa vya Mafia akitafuta ushahidi wa biashara hiyo. Mahali penyewe pa Rhapta pangali panabishaniwa, na hapo ndipo somo linapokuwa tamu.

Kwa hiyo iandikie idara barua pepe fupi: Periplus mnaisoma kwa Kigiriki, kwa tafsiri, au hamuisomi? Majibu yatakuambia mengi kuliko kijitabu chenye picha za vijana wanaocheka chini ya miti. Na idara isiyojibu kabisa, nayo imekwisha kujibu.

Omba pia kuona karatasi ya mtihani ya mwaka uliopita. Karatasi yenye maswali ya insha peke yake (eleza sababu za kuanguka kwa Jamhuri ya Roma, na kadhalika) hufaulika kwa kukariri vitabu vya wengine. Iliyo bora huwa na sehemu ambapo mtahiniwa hupewa mistari michache ya chanzo, au picha ya sarafu, aeleze imetoka wapi, ilimlenga nani, inathibitisha nini na inanyamazia nini. Swali la aina hiyo halina pa kujificha.

Sasa lugha. Vyuo vingi vya Uingereza hupokea wanafunzi wa historia ya kale bila Kilatini wala Kigiriki, na hilo ni jema kwetu tunaotoka shule zisizofundisha lugha hizo. Lakini kupokelewa bila lugha ni jambo moja, kuondoka bila lugha ni jingine. Mwenye nia ya shahada ya uzamivu hatakwepa kujifunza, na atalazimika kuongeza Kijerumani na Kifaransa cha kusomea. Angalia kama lugha inaanzishwa kwa wasiojua kitu, kama inaendelea mpaka mwaka wa mwisho, na kama alama zake zinahesabiwa katika shahada. Kozi ya hiari ya jioni isiyo na alama ni pambo tu. Katika hili Scotland ina nafuu: shahada ya Edinburgh au St Andrews ni ya miaka minne, si mitatu kama ilivyo kawaida England, na mwaka ule wa ziada ni nafasi ya kuivisha lugha. Cambridge nao wana shahada ya miaka minne kwa wanaoanza Kilatini kutoka sifuri.

Kijana aliyesomeshwa sarufi ya Kiarabu vizuri madrasa ana mtaji ambao mara nyingi hata yeye hajui kuwa anao. Kiakadi cha Babeli, Gezi ya Aksum na Kisaba cha Yemeni ni ndugu wa Kiarabu. Mtu kama huyo nisingemshauri akimbilie Roma kwa sababu kila mtu anakwenda Roma.

Hilo linanileta kwenye upana. Kozi nyingi zenye jina la ulimwengu wa kale ukizifungua hukuti ila Athens na Roma, na Misri ya Cleopatra kwa mapambo. Hakuna dhambi kubobea, ila jina lisidanganye. Tafuta Mesopotamia, Uajemi, Kushi na Aksum katika orodha ya kozi, kisha uhakikishe zilifundishwa kweli mwaka jana. Kozi hubaki kwenye orodha hata mwalimu wake akiwa amestaafu. Na walimu wakipungua, idara nayo hutetereka: Sheffield, yenye jina kubwa katika akiolojia, iliamua mwaka 2021 kuifunga idara yake.

Makumbusho ya chuo ni kipimo kingine ninachokithamini sana, mradi wanafunzi wanaruhusiwa kushika vitu na si kuchungulia kwenye vioo. UCL ya London wana Petrie, yenye vitu takriban 80,000 vya Misri na Sudani. Reading wana Ure, kwa mambo ya Wagiriki. Liverpool wana Garstang, iliyopewa jina la mwanaakiolojia aliyechimba Meroe, Sudani, kati ya 1909 na 1914. Oxford ndiko yaliko maandishi ya mafunjo ya Oxyrhynchus, yaliyoanza kufukuliwa Misri na wanazuoni Grenfell na Hunt majira ya baridi ya 1896. Vipande ni zaidi ya laki tano na bado vinaendelea kuchapishwa. Utajiri wa Oxford hauna mpinzani. Lakini kwa anayetaka Afrika ya kale, mimi ningeitazama Liverpool au UCL kwanza, na wanaoshangaa washangae.

Si lazima safari iishie Uingereza. Ibadan, Nigeria, wana idara ya masomo ya Kigiriki na Kirumi, Legon nchini Ghana wanayafundisha pamoja na falsafa, na Stellenbosch ina idara ya masomo ya kale. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Heidelberg iko katika jimbo hilo, na maktaba yake ndiyo inayohifadhi nakala ya kale ya mkono ambayo kwayo tunaijua Periplus. Kijerumani ni sharti la kwanza huko, na Kilatini mara nyingi hufuata. Na anayevutiwa zaidi na udongo kuliko maandishi asiidharau Dar es Salaam. Shahada ya akiolojia pale, kisha uzamili wa historia ya kale ng'ambo, ni njia ya bei nafuu na humfikisha mtu Ulaya akiwa na kitu ambacho wenzake hawana.

Kwa wanaokwenda Uingereza, fomu ya kuomba vyuo, ile ya UCAS, inaruhusu kozi tano, na Oxford na Cambridge haziombwi zote mbili katika mwaka mmoja. Kwa vyuo hivyo viwili mlango hufungwa tarehe 15 Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza, kwa hiyo zile barua pepe kwa idara ziandikwe kabla ya Agosti.