Kiongozi wa Bendi kama Mtunzi: Moses Matovu, Afrigo na Suala la Hifadhi

Uhakiki wa muziki wa dansi wa Afrika Mashariki huanzia mara nyingi kwenye maneno ya wimbo. Mkabala huo una manufaa yake, lakini humwacha kando msanii ambaye kazi yake kubwa haimo katika maneno. Moses Matovu, mpiga saksafoni na mwimbaji wa Kampala, ni mfano bora. Mwaka 1975, chini ya utawala wa Idi Amin, yeye na wenzake saba, akiwamo mpiga tarumbeta Charles Ssekyanzi, waliunda Afrigo Band. Waimbaji wamekuja na kuondoka. “Obangaina” hutajwa hadi leo kwa jina la Rachael Magoola. Kiongozi amebaki, na bendi ikatimiza miaka 50 mwaka 2025.

Sifa anayopewa kwanza ni uvumilivu. Ni sifa ya haki, ila si hukumu ya kisanaa. Swali la mhakiki ni hili: nini kinachoifanya Afrigo itambulike hata sauti inayoimba inapobadilika?

Muziki wa swingi unatoa kipimo. Duke Ellington aliongoza okestra yake tangu miaka ya 1920 hadi kifo chake mwaka 1974, na aliwatungia wapigaji wake mahususi. “Concerto for Cootie” ya mwaka 1940 ilimlenga mpiga tarumbeta Cootie Williams. Enzi ya swingi ilipopita, mirabaha ya nyimbo zake ilisaidia kuwalipa wapigaji. Mwaka 1988 nyaraka zake zilichukuliwa na taasisi ya Smithsonian. Leo mtafiti anaweza kuonyesha, ukurasa kwa ukurasa, kwamba kiongozi huyo alikuwa mtunzi.

Kwa Matovu ushahidi wa namna hiyo ni haba, kwa kuwa Afrigo imeishi hasa kwa jukwaa. Pengo hilo linaonekana wazi Wandegeya, mtaa ambapo jiji hukutana na Chuo Kikuu cha Makerere. Kilimani, Hifadhi ya Muziki ya Klaus Wachsmann hutunza nakala za rekodi za muziki wa jadi zilizokusanywa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Muziki wa bendi uliolikuza jiji lenyewe haujapata matunzo yanayolingana na hayo.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Uganda ya mwaka 2006 inawalinda watunzi na pia watumbuizaji. Hata hivyo, haki isiyo na kumbukumbu ni vigumu kuidai. Kurekodi mazoezi, kuandika nota za ala za kupuliza na kuwahoji wapigaji wangali hai ni kazi inayowezekana sasa. Ikiahirishwa, Matovu atakumbukwa kwa wingi wa miaka yake, na muziki alioujenga katika miaka hiyo utabaki bila mwenyewe.