Zidaka za Lamu zilivyoshika kaure

Ukuta wa zidaka, yaani matundu ya ukutani ya kuwekea vyombo, katika nyumba kongwe za mawe za Lamu, nyingi zikiwa za karne ya 18, husifiwa kwa nakshi. Mimi nautazama kama fundi wa rafu. Hapa palikaa mabakuli ya kaure kutoka China, mali iliyovuka bahari na isiyopatikana tena ikivunjika, katika nyumba yenye watoto, wageni na pilikapilika za harusi. Yalikaaje bila kudondoka?

Kwanza, kidaka hakina miguu. Sakafu ya ghorofani katika nyumba hizi imelazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti hunepa kidogo kila mtu apitapo. Kabati lililosimama juu yake hutikisika nazo, vyombo vikaanza kulia. Kidaka ni sehemu ya ukuta wenyewe, ukuta mnene wa matumbawe na chokaa. Mtoto aruke atakavyo, mtikisiko mwingi unaishia sakafuni. Kwa hiyo hata leo, kwa kitu chepesi kuvunjika, rafu iliyofungwa barabara kwenye ukuta wa tofali naiamini kuliko kabati zuri la kioo lenye miguu minne.

Halafu kuna umbo. Kila tundu lina mashavu mawili, mgongo na paa, kwa hiyo bakuli halisogei pembeni wala jirani yake haligongi. Umebaki upande mmoja wa hatari, wa mbele, na huo ulilindwa kwa mpangilio wa nyumba. Atokaye njiani hupita daka (baraza ya mlangoni), kisha kiwanda (ua wa katikati), kisha misana (vyumba virefu vya mbele), ndipo afike ndani, chumba ambacho si kila mgeni alikanyaga. Hakuna aliyepita pale na gunia begani.

Sahani bapa zilihitaji njia nyingine, kwani zikisimamishwa huteleza kitako. Baadhi zilitobolewa vitundu kwenye ukingo wa kitako, upande wa nyuma, zikapitishwa uzi na kutundikwa ukutani. Mkusanyaji wa leo atashika kichwa akisikia kaure imetobolewa. Lakini tazama palipochaguliwa: ukingo ule ni mnene, uso wenye maua haukuguswa, na sahani inaning'inia kwa uzito wake bila kubanwa popote. Udhaifu uko kwenye uzi tu, na uzi hubadilishwa.

Njia ya tatu iko makaburini, si majumbani. Kwenye nguzo za makaburi ya Mambrui, Kenya, na Kunduchi, Tanzania, vyombo vya kaure vilipachikwa ndani ya chokaa. Hakuna mshiko imara kuliko huo, na kwa nyumbani hakuna mbaya kuliko huo. Vyombo vingi vimeshang'olewa na wezi, na palipobaki kitu mara nyingi ni vipande: chokaa ilishika, kaure ikakubali kuvunjika kabla ya kuachia. Kaburi halihami, kwa hiyo siwalaumu mafundi wake. Namlaumu anayebandika kikombe cha bibi kwenye rafu kwa gundi kali, kisha akataka kupiga vumbi.

Wanaodhani kitu kizito kikikaa chenyewe hakiendi popote wakumbuke kisa cha Manchester, Uingereza, mwaka 2013. Kisanamu cha Misri ya kale, kifupi kidogo kuliko rula ya shuleni, kilionekana kugeuka chenyewe ndani ya kabati la makumbusho hadi kikaonyesha mgongo. Maneno ya laana yakaenea. Mtaalamu wa mitetemo alipopima, alikuta kitako chake kina kinundu, rafu ni ya kioo, na magari ya barabarani pamoja na nyayo za wageni vikikisogeza kidogokidogo. Kioo ni laini mno. Chokaa ya kidaka ingekitilia breki.

Ili kuzuia mwendo kama huo, makumbusho ya maeneo ya matetemeko ya ardhi, kama California, hutumia nta maalumu inayoshika bila kuganda kama gundi. Mtu wa nyumbani naye huiweza. Safisha rafu na kitako, vikauke kabisa. Finyanga vijipunje vitatu vidogo kama choroko, viweke kwa pembe tatu chini ya ukingo, kisha bonyeza huku ukizungusha kidogo. Ukitaka kukitoa, kishike chini kabisa ukizungushe taratibu, usivute juu kwa kushika mdomo au mkono wa chombo. Kikigoma, pitisha uzi wa nailoni kati yake na rafu. Chombo kirefu chenye shingo nyembamba kiongezee mfuko mdogo wa mchanga ndani, uliofungwa vizuri, ili uzito ushuke chini.

Usiiweke nta hiyo kwenye vyungu visivyo na ung'avu, kwa kuwa udongo hunywa mafuta na doa halitoki. Na katika joto la Mombasa au Dar es Salaam, rafu inayopigwa na jua la alasiri haifai: nta hulainika, na chombo kikaanza kuteleza upya.