Macho ya Kuazima: Ufundi Uliowagawa Wasomaji wa Twilight

Katika sura ya 14 ya Twilight, Bella Swan anagundua kwamba Edward Cullen, kijana mnyonya damu, amekuwa akiingia chumbani mwake usiku na kumtazama akiwa amelala. Hapigi kelele, wala hamfukuzi. Kinachomtahayarisha ni kwamba yeye huongea usingizini, na huenda kijana huyo amesikia jina lake likitajwa. Wapo wasomaji waliofika hapo wakakifunga kitabu kwa hasira. Wapo wengine waliofika hapohapo wakasahau chungu jikoni.

Tangu Stephenie Meyer alipoitoa riwaya hii mwaka 2005, makundi hayo mawili hayajapatana. Moja linasema ni mapenzi yaliyoandikwa kwa moto wa kweli. Jingine linasema ni kisa cha msichana asiye na lake anayenyemelewa na mtu hatari. Mwaka 2009 hata Stephen King alisema hadharani kwamba Meyer hajui kuandika vizuri. Mimi nimeisoma mara tatu, na kila mara nimezidi kuamini kwamba pande zote mbili zinaona kitu cha kweli. Kilichozigawa ni kazi ya mikono ya mwandishi: nani anasimulia, na msomaji amewekwa wapi.

Anayesimulia ni Bella, mwenye miaka 17, kwa nafsi ya kwanza tangu mwanzo hadi mwisho. Hesabu utakachojua kuhusu umbo lake: ngozi nyeupe, macho ya kahawia, mwili mwembamba, miguu inayojikwaa kila mahali. Meyer ameeleza kwamba alipunguza maelezo hayo makusudi, ili msomaji apate nafasi ya kujiweka pale. Sasa mgeukie Edward. Macho yanayobadilika rangi kwa njaa, nywele, sauti, ubaridi wa vidole, harufu ya pumzi: kila baada ya kurasa chache kuna kitu kimeongezwa. Mizani hiyo imepimwa. Anayetazama amefanywa mwepesi, anayetazamwa amefanywa mzito, na msomaji anaazimwa macho ya yule mwepesi. Aliyekubali kuyavaa anaona kwa mapigo ya moyo wa Bella, naye hahitaji kuelezwa Bella ni nani, kwa kuwa kwa muda huo Bella ni yeye. Aliyekataa kuyavaa anabaki nje, na kwa aliye nje Bella ni gauni linalotembea bila mtu ndani.

Ndiyo maana lalamiko la kwamba sifa za uso wa Edward zinarudiwa mno halimfikii mpenzi wa kitabu hiki. Mtu aliyependa kwa mara ya kwanza hurudia. Hata hivyo kitabu kina karibu kurasa 500, na ufundi unaotosha kwa kurasa 200 hauwezi kubeba 500 bila kuchosha. Hapo nawapa haki wanaolalamika.

Sisi wa pwani tuna kipimo chetu cha swali hilo la nani anasimulia. Tuna mumiani, mnyonya damu aliyeogopwa kiasi kwamba wakati wa ukoloni uvumi ulidai wazimamoto ndio waliokuwa wakiifanya kazi hiyo, lakini sijapata kusikia hadithi ya msichana aliyempenda mumiani. Aliye karibu zaidi na Edward ni jini mahaba. Huyo huja usiku, huona wivu, na humzuia anayempenda asiolewe. Tofauti iko kwenye ulimi unaosimulia. Visa vya jini mahaba nilivyokua navyo vilisimuliwa na shangazi, na jirani, na mganga. Aliyependwa mwenyewe hakusikika, na kwa hiyo penzi lile lilibaki kuwa ugonjwa unaotafutiwa dawa. Meyer alimpa aliyependwa kauli yote. Jaribu kumwazia Charlie, baba yake Bella na mkuu wa polisi wa mji, akiisimulia sura ya 14 hiyohiyo. Ingekuwa faili la polisi.

Namna riwaya ilivyojengwa nayo inaeleza mengi. Meyer amesimulia kwamba aliamka asubuhi ya tarehe 2 Juni 2003 akiwa ameota msichana na kijana mnyonya damu wakizungumza kwenye uwanja wa nyasi katikati ya msitu: kijana anampenda, na papo hapo anaitamani damu yake. Aliandika tukio hilo kwanza, likawa sura ya 13. Akaendelea hadi mwisho, kisha akarudi nyuma kuandika mwanzo. Kitabu kizima kimekua kutoka katikati, na ukikisoma unahisi. Sura 12 za mwanzo zinapanda mlima mmoja tu, kuelekea uwanja ule. Katika riwaya nyingi za mapenzi kizuizi huwa wazazi, au mali, au mwanamke mwingine. Hapa kizuizi na mvuto ni kitu kimoja: harufu ya damu inayomvuta Edward ndiyo inayoweza kumuua Bella. Kila hatua ya kusogea inaongeza yote mawili, hivyo hata kugusana mikono kunabeba taharuki. Busu la kwanza halitokei mpaka sura hiyo ya 13 inapofika ukingoni. Kumchelewesha msomaji kiasi hicho bila kumpoteza ni kazi ngumu, na wanaosema Meyer hana ufundi hawajawahi kulieleza hili.

Mahali napo palitokana na hitaji. Katika riwaya hii jua haliwaunguzi wanyonya damu. Huifanya ngozi yao imetemete, na kwa hiyo huwafichua. Wanahitaji mawingu. Meyer alitafuta mahali penye mvua nyingi kuliko pote Marekani, akaangukia Forks, mji mdogo wa jimbo la Washington. Kumetameta huko kumechekwa sana, ila kwa upande wa msuko kunafaa: wakiwa juani hawafi, wanaonekana, na penzi la siri linaogopa kuonekana.

Kasoro kubwa naiona baada ya mlima. Adui wa kweli, James, anatokea kwenye sura ya 18 kati ya 24. Dibaji ilikwisha kutuahidi kifo, lakini kwa anayekileta kifo hicho hatukuandaliwa. Anaingia, anawinda, anauawa, na Bella, ambaye kupitia macho yake tumeona kila kitu, anazirai karibu na mwisho wa pambano. Macho ya kuazima yanafumbwa pale tulipoyahitaji zaidi.

Kuna lalamiko jingine ambalo ufundi wa usimulizi hauliondoi. Waquileute ni taifa halisi, wanaishi La Push karibu na Forks, na hadithi ya mbwa-mwitu wanaopigana na wanyonya damu waliyopewa na riwaya ni ya kubuni. Wasomaji waliolisema hilo walikuwa sahihi.

Bahati ya mchambuzi ni kwamba Meyer mwenyewe alikirudia kisa hiki mara mbili, kila mara akibadilisha kiungo kimoja. Midnight Sun aliiacha mwaka 2008 baada ya rasimu yake kuvuja, akaichapisha 2020. Matukio ni yaleyale, msimulizi ni Edward. Katika sura ya kwanza tunamkuta darasani akipiga hesabu ya kuwaua wanafunzi wote waliomo ili amfikie Bella bila shahidi. Waliokuwa wakisema ni mtu hatari walipata ushahidi kutoka kinywani mwake. Lakini lilitokea jambo la pili ambalo kwangu ni kubwa zaidi: Bella akapata umbo. Edward anamchunguza, anahesabu wema wake, anakumbuka kila jibu lake, na yule msichana aliyeitwa mtupu anakuwa mzito ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu safari hii ndiye anayetazamwa. Utupu wa 2005 ulitokana na mahali alipokaa, na ningependa wanaomdharau Bella wakisome kitabu hicho kabla ya kurudia hukumu yao.

Jaribio la pili ni Life and Death la mwaka 2015. Bella akawa Beau, Edward akawa Edythe, na karibu kila mhusika akabadilishwa jinsia isipokuwa wazazi wa Beau. Meyer alitaka kuonyesha kwamba Bella huokolewa kwa kuwa ni binadamu kati ya viumbe wenye nguvu, wala haitokani na uanamke wake. Kwa sehemu kubwa anafaulu: Beau anajikwaa, anaduwaa na kuokolewa vilevile. Kisha Meyer anafika mwishoni na kubadilisha kiungo cha pili. Beau anageuzwa mnyonya damu ndani ya kitabu hichohicho. Bella alisubiri hadi kitabu cha nne, mwaka 2008, na aligeuzwa akiwa anakufa kwa uzazi.