Mtambo Ndani ya Chumba cha Kupanga

Mchoraji wa katuni za kisayansi hapimwi kwa roketi. Roketi hata mtoto anaichora. Anapimwa kwa vitu vilivyoizunguka: nyaya za umeme zinazoning'inia, bati lenye kutu, ndoo inayokinga maji. Msomaji akiviona hivyo anajua yuko kwao, na akishajua yuko kwao ataamini chochote utakachokitua juu ya paa.

Shujaaz walilifanya hilo kwa ustadi mkubwa. Jarida hilo la katuni lilianza Kenya mwaka 2010, nchi ikiwa bado inauguza majeraha ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Shujaa wake, Boyie, kamaliza shule, kazi hana. Anaunda mtambo wa redio chumbani kwake, anateka masafa ya FM, na nchi nzima inamsikiliza bila kujua ni nani. Baadaye jarida likavuka mpaka, na huku kwetu Tanzania mtangazaji akawa DJ Tee. Mtambo wenyewe ni ndoto tu, lakini chumba ni kile kile ambacho kijana wa Tandika au Mbagala anakilipia kodi. Ukishaukubali mtambo, umelikubali na dai lake: asiye na ajira naye ana haki ya kusikika. Dai hilo halihitaji kuandikwa kwenye kiputo cha maneno.

Ufundi huu una mizizi. Chakubanga, mhusika wa katuni wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, aliwasema wakubwa enzi za Ujamaa. Kisha likaja jarida la Sani, na Komredi Kipepe na Lodi Lofa wake. Kwenye karatasi ya gazeti hakuna rangi ya kujifichia. Kivuli ni mistari ya kalamu inayopishana. Ikibanana mno, wino unasambaa na uso unageuka doa. Kwa hiyo mchoraji hujifunza kuacha. Mstari mmoja wa mgongo uliopinda unatosha kukwambia huyu kalala njaa.

Waargentina walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1957 Héctor Oesterheld na mchoraji Francisco Solano López walianza El Eternauta: theluji yenye sumu inaangukia Buenos Aires, na majirani wanapambana na wavamizi kutoka anga za mbali kwa mavazi waliyojishonea nyumbani. Moja ya mapigano hayo linatokea ndani ya uwanja wa mpira wa River Plate, ambao kila msomaji aliujua. Mwaka 1977 utawala wa kijeshi ulimteka Oesterheld, hakuonekana tena. Binti zake wanne nao walipotezwa.

Sisi nasi, Temeke jijini Dar es Salaam, tuna viwanja viwili vilivyo jirani. Kwenye Uwanja wa Uhuru bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Pembeni yake uko Uwanja wa Benjamin Mkapa. Ni mandhari gani nyingine ingefaa zaidi kuwatua wageni wa angani, na kuuliza uhuru ni wa nani?

Mikono ipo. Mwaka 2022 Masoud Kipanya, mchoraji tuliyemzoea magazetini, alizindua gari la umeme lililoundwa nchini. Kinachokosekana ni nafasi. Wahariri, wapeni vijana wanaochora ukurasa mzima kila wiki, na hadithi ya kuendelea. Muwalipe.