Ua wa Mark Twain na Wimbo wa Mtumwa

Wapenzi wa vitabu aghalabu huizuru nyumba alimokulia mwandishi mashuhuri kwa tumaini la kuona chimbuko la maandishi yake. Tumaini hilo lina haki yake, walakini lina hatari pia, maana nyumba huonyesha yale tu aliyoyachagua mwenye kuihifadhi. Mfano ulio dhahiri ni nyumba iliyoko Hannibal, mji mdogo kando ya mto Mississippi, katika jimbo la Missouri, Marekani. Humo ndimo alimokulia Samuel Clemens, ambaye ulimwengu wamjua kwa jina la Mark Twain.

Clemens alizaliwa mwaka 1835 katika kijiji cha Florida, jimbo hilo hilo, na wazazi wake wakahamia Hannibal mwaka 1839. Nyumba yenyewe ni ya mbao, ya orofa mbili, nyeupe, wala haina fahari. Mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, George Mahan, mwanasheria wa mji huo, aliinunua isije ikabomolewa, akautunukia mji. Na mwaka 1912 ikafunguliwa kwa wageni.

Kando yake pana ua wa mbao uliopakwa chokaa, na kibao chawaarifu wapitao kwamba hapo ndipo uliposimama ule ambao Tom Sawyer aliwashawishi wenzake wamlipe ili wapate heshima ya kuupaka. Sasa, Tom Sawyer ni mtoto wa kalamu, aliyezaliwa katika hadithi iliyotolewa mwaka 1876, na mji wa hadithi hiyo unaitwa St. Petersburg. Kumtaja kana kwamba aliishi ni mchezo usio na madhara, na wageni waujua. Lenye uzito ni kwamba jambo la kubuni lilipewa kibao, na la kweli lililo nyuma yake halikupewa.

Missouri ilikuwa jimbo la utumwa tangu mwaka 1821 hata 1865, na nyumba ya Clemens ilitumikiwa na watumwa. Katika sura ya pili ya hadithi, mtu wa kwanza ambaye Tom amsihi ashike brashi si rafiki yake. Ni Jim, mtoto mtumwa, atokaye langoni kwenda kuteka maji, ndoo mkononi, huku akiimba. Katika kumbukumbu za maisha yake Twain aeleza kwamba hapo alimtumia Sandy, mtoto mtumwa aliyekodiwa nyumbani kwao, ambaye alikuwa ametenganishwa na jamaa zake huko Maryland. Sandy alikuwa akiimba na kupiga kelele mchana kutwa. Samuel alipochoka akalalamika, mama yake alimjibu kwamba mtoto yule aimbapo ni dalili kuwa hakumbuki. Anyamazapo ndipo awazapo, kwani hatamwona mama yake tena.

Kwa muda mrefu maonyesho ya Hannibal yalisimulia utundu wa wavulana, na habari za utumwa zilitajwa kwa nadra. Mhakiki Shelley Fisher Fishkin alilikemea jambo hilo katika miaka ya 1990. Baadaye maelezo ya utumwa yaliongezwa, na mwaka 2013 yakafunguliwa mjini humo makumbusho mengine, yahusuyo maisha ya watu weusi wa Hannibal.

Si suala la makumbusho peke yake. Ni suala la usomaji. Atokaye pale akidhani kwamba Twain ni msimulizi wa michezo ya watoto tu, atashangazwa na *Huckleberry Finn*, kitabu kilichotolewa Marekani mwaka 1885, ambamo Jim mwingine, mtu mzima, ajaribu kuutoroka utumwa kwa njia ya mto ule ule. Ataona mwandishi amegeuka, ilhali mtumwa alikuwako tangu kitabu cha kwanza, penye ua.

Kwa hiyo nyumba yafaa isomwe kwa msaada wa vitabu, wala vitabu visipimwe kwa nyumba. Mbao zaweza kubadilishwa na chokaa kupakwa upya. Wimbo wa Jim umo kitabuni. Msomaji aliyekwisha kupata habari za Sandy hatausikia tena kuwa ni wimbo wa furaha.